Mlima mmoja, michoro miwili: Jumamosi ya karatasi chakavu Arusha

Arusha. Mpe penseli mtoto aliyekulia Sakina, Kijenge au Njiro, umwambie achore Mlima Meru. Haitapita dakika karatasi itakuwa na pembetatu. Mistari miwili inapanda na kukutana juu, wingu moja linapita kiunoni, na chini kuna nyumba yenye mlango na madirisha mawili. Mtoto hajakosea. Ukiutazama kutoka mjini, Meru umechongoka hivyohivyo.

Mpeleke mtoto huyo Momella, upande wa mashariki wa mlima, na pembetatu itapotea. Mbele yake kuna bakuli kubwa lililobomoka ukingo mmoja, na ndani ya bakuli kimesimama kilima cha majivu. Meru ni volkano. Upande wake wa mashariki uliporomoka maelfu ya miaka iliyopita, na mlipuko mdogo wa mwisho unaojulikana ulitokea mwaka 1910. Mtoto anayeishi Ngare Nanyuki, ambaye kila asubuhi anaamka na sura hiyo ya mlima, akichora bakuli hajakosea naye.

Tatizo huanza pale mtu mzima anapoinama juu ya karatasi na kusema, “Mlima hauko hivyo.” Anasema kwa nia njema, pengine huku akiichukua penseli ili aonyeshe “unavyotakiwa kuwa”. Watoto wengi wakishasikia kauli hiyo mara kadhaa, penseli wanaiweka chini moja kwa moja.

Jumamosi moja ya kuchora na kutengeneza vitu kwa karatasi zilizotumika inaweza kuirudisha penseli hiyo mkononi. Haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mzazi akae chini, achore naye, na kwa saa chache aache kusahihisha.

Pale mtoto anaposema “sijui kuchora”

Mtoto wa miaka miwili akipata mkaa au kalamu, ukuta wa sebuleni hausaliki. Anakwaruza na kuzungusha mkono, na furaha yake ni kuona alama imebaki. Akifika miaka mitatu au minne, anachora mtu ambaye ni kichwa chenye miguu, tumbo hakuna. Kwenye miaka sita au saba, ardhi inakuwa mstari chini ya karatasi, anga linakuwa mstari juu, na baba anakuwa mkubwa kuliko nyumba kwa sababu baba ni mtu muhimu.

Viktor Lowenfeld, mwalimu wa sanaa aliyezaliwa Austria na kufundisha Marekani, alizipanga hatua hizi katika kitabu chake cha mwaka 1947. Alieleza kwamba karibu na miaka tisa mtoto huanza kulinganisha mchoro wake na kitu chenyewe. Anaona tofauti, na anaanza kujihukumu. Huo ndio umri ambao wazazi wengi husikia maneno “mimi sijui kuchora”.

Lowenfeld hakupenda pia vitabu vya kupaka rangi, vile ambavyo tembo ameshachorwa na kazi ya mtoto ni kutotoka nje ya mstari. Kwa maoni yake, mtoto aliyezoea tembo wa mtu mwingine huanza kumdharau tembo wake mwenyewe.

Kwa mzazi, jambo la kushika hapa ni dogo. Mtoto wa miaka mitano aliyemchora mama bila shingo hahitaji kuelezwa habari za shingo. Akiulizwa, “Huyu mama anakwenda wapi?” atasimulia mpaka chai ipoe, na katika masimulizi hayo mzazi husikia mambo ambayo swali la “shuleni kulikuwaje leo?” halijawahi kuyatoa.

Karatasi zimejaa nyumbani

Hakuna haja ya kununua ream ya karatasi nyeupe. Nyumba nyingi za Arusha zina madaftari ya mwaka jana yenye kurasa tupu nyuma, magazeti yaliyosomwa, bahasha za kaki, maboksi ya sabuni na trei za mayai. Maduka ya steshenari huwa na rundo la nakala zilizoharibika upande mmoja, na mwenye duka akiombwa vizuri hutoa bure.

Tangu Juni 1, 2019, Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, karatasi za kahawia zimeongezeka jikoni. Karatasi ngumu ya aina hiyo hutengenezwa hapa nchini pia, katika kiwanda cha Mgololo, Mufindi. Ukifunguliwa na kunyooshwa, mfuko mmoja wa karatasi hutoa eneo la kutosha watoto wawili kulala kifudifudi na kuchora. Chaki nyeupe na mkaa hukolea vizuri juu ya rangi hiyo ya udongo.

Ziko karatasi za kuepuka. Mfuko wa saruji, hata ukikung’utwa, hubaki na vumbi linalounguza ngozi na kuumiza mapafu. Risiti za mashine za EFD ni karatasi iliyopakwa kemikali ili iandike kwa joto, haifai kulowekwa wala kuchezewa na mtoto. Na nakala kutoka ofisini zikaguliwe kwanza. Nyuma ya mchoro wa twiga kunaweza kuwa na kitambulisho cha mtu au majibu yake ya hospitali.

Iringa walianza na karatasi

Anayedhani karatasi chakavu ni mchezo wa watoto tu atazame Iringa. Mwaka 2003, chini ya Kanisa Anglikana Dayosisi ya Ruaha, kazi ya Neema Crafts ilianza na vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi kwa mikono. Malighafi moja waliyoitumia ilikuwa kinyesi cha tembo, ambacho kimejaa nyuzi za majani na magome ambazo tumbo la tembo halikuzimaliza. Kutoka meza hiyo ya karatasi, kituo kilikua hadi kuwa sehemu ya kazi kwa watu wengi wenye ulemavu, wakifuma, wakishona na kutengeneza vitu vya mikono.

Uganda nako, wanawake wa Kampala hukata kurasa za majarida na mabango kuwa pembetatu nyembamba, wakazisokota kwenye kijiti, wakazipaka vanishi na kupata shanga. Shirika la BeadforLife, lililoanzishwa mwaka 2004, lilizifikisha shanga hizo kwenye masoko ya nje.

Arusha yenyewe ina mfano wa jirani. Shanga, karakana iliyoanza mwaka 2007 na ambayo iko kwenye mashamba ya kahawa pembeni mwa jiji, huajiri watu wenye ulemavu wanaoyeyusha chupa zilizotumika na kuzigeuza kuwa glasi na mapambo. Hapo ni chupa badala ya karatasi, lakini mtoto akimwona fundi akivuta kioo chekundu kutoka kwenye moto, na akaambiwa jana kilikuwa chupa tupu, hatatazama tena pipa la taka kwa macho yaleyale.

Asubuhi mjini

Safari ya familia inaweza kuanzia Mnara wa Saa, kila mtu akiwa na daftari lake la kurasa zilizobaki, penseli na kipande cha boksi cha kuegemezea. Kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu hadi mwisho wa Barabara ya Boma, kwenye Makumbusho ya Elimu Viumbe. Makumbusho hayo yako ndani ya boma la Wajerumani lililojengwa kati ya 1899 na 1900.

Humo kuna habari za chimbuko la binadamu, na kwa watoto habari ya kuanza nayo ni nyayo za Laetoli. Mwaka 1978, timu ya Mary Leakey ilizikuta huko Laetoli, wilayani Ngorongoro, nyayo zilizoachwa kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita. Kubwa na ndogo zinakwenda sambamba. Mchezo wake hauna gharama. Gazeti linatandikwa chini, mzazi anavua viatu na kukanyaga, mtoto anapitisha penseli kuzunguka unyayo. Kisha wanabadilishana. Nyayo mbili pembeni mwa nyingine kwenye gazeti la wiki iliyopita, zikiandikwa tarehe, ni picha ya familia ambayo mwaka kesho itaonyesha nani amekua.

Kituo kinachofuata ni eneo la Mnara wa Mwenge, karibu na Makumbusho ya Azimio la Arusha. Azimio lilitangazwa Februari 5, 1967, na historia yake mtoto ataisoma shuleni. Kwa asubuhi hii inatosha achore mnara bila kutazama karatasi. Jicho linabaki kwenye mnara, mkono unatembea taratibu, na hakuna kuchungulia mpaka mwisho. Mchoro wa kila mtu hutoka umepinda, wa baba umepinda kuliko yote, na mtoto aliyekuwa akisema hajui kuchora anagundua kwamba hata baba hajui. Kicheko kinachofuata hufanya kazi ambayo sifa kumi zisingeifanya.

Familia yenye muda inaweza kupita pia Cultural Heritage, kwenye barabara ya kuelekea Dodoma. Nje, majengo yake yamechukua maumbo ya Kilele cha Uhuru, ngoma, ngao na mkuki, na ndani kuna michoro na vinyago vya mafundi kutoka sehemu mbalimbali za Afrika. Barabara hiyohiyo, ukiendelea nayo kupita Babati, inakufikisha Kolo, Kondoa, kwenye miamba yenye michoro ya kale iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Hiyo ni safari ya siku nyingine. Lakini mtoto anaweza kuambiwa leo kwamba watu wa eneo hili walichora twiga na swala kwenye mawe kabla ya shule yoyote kujengwa, na hakuna aliyewapa alama.

Mchana Momella, au Duluti

Ili kuuona upande wa pili wa mlima, gari linashika barabara ya Moshi, linapita Tengeru hadi Usa River, kisha linakata kushoto kuelekea Ngurdoto. Hapo ndipo ilipo Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto na kupata jina la sasa mwaka 1967, Mlima Meru ulipoingizwa ndani yake. Mtanzania hulipa ada ndogo kuliko mgeni kutoka nje, lakini ni vyema kuulizia viwango kabla ya kuondoka, hasa kwa familia yenye watoto wengi au inayokodi gari.

Karibu na lango kuna uwanda wa nyasi unaoitwa Serengeti Ndogo, wenye pundamilia na nyati. Msituni kuna mbega, nyani mwenye joho jeupe na jeusi. Mbega ni zawadi kwa mchoraji mdogo kwa sababu hahitaji penseli za rangi. Kipande cha gazeti na kipande cha karatasi nyeupe, vikichanwa kwa vidole bila mkasi, vinamtosha mwili na mkia wake. Kreta ya Ngurdoto hutazamwa kutoka ukingoni tu, wageni hawashuki ndani. Kwenye maziwa ya Momella kuna misimu ambayo heroe hukusanyika mpaka ukingo wa maji ukawa wa waridi.

Hapo Momella ndipo mahali pa kufungua daftari na kuchora Meru kwa mara ya pili. Asubuhi na jioni mlima huwa wazi zaidi, mchana mawingu huufunika mara nyingi. Mzazi anachora wake, mtoto anachora wake, na ule wa mjini unawekwa pembeni. Swali la kuuliza ni moja: “Upi ni Meru?”

Kwa familia ambayo bajeti ya hifadhi haijatimia, Ziwa Duluti liko Tengeru, na daladala za Usa River hupita barabarani karibu nalo. Ni ziwa la kreta lenye msitu pembeni, na kivuli chake kinafaa kwa mchezo wa karatasi ya kukunja. Mtu wa kwanza anachora kichwa juu ya karatasi na kukikunja nyuma, akiacha mistari miwili ya shingo ionekane. Wa pili anachora kiwiliwili bila kujua kichwa ni cha nani, anakunja. Wa tatu anachora miguu. Karatasi ikifunguliwa, huenda bibi ametoa kichwa cha mbuzi, mama gauni la harusi, na mdogo kuliko wote magurudumu ya bajaji. Mtoto wa miaka minne anacheza sawa na mtu mzima, kwa kuwa katika mchezo huu anayechora vibaya hajulikani.

Wakati wa kurudi, pembeni mwa barabara za mteremko wa Meru kuna migomba kila upande. Maganda makavu ya shina la mgomba, yale ya kahawia yanayoning’inia, yakiombwa kwa mwenye shamba hufaa kubandikwa kwenye karatasi yakawa paa la nyumba, shina la mti au mwili wa twiga.

Kurudi nyumbani: beseni, mchi na wavu

Karatasi mpya hutengenezwa kwa ya zamani kwa njia ambayo jiko lolote lina vifaa vyake. Karatasi ni nyuzi za mmea zilizoshikana. Zikilowekwa na kupondwa zinaachiana, na zikikauka pamoja zinashikana upya. Kila mara nyuzi hufupika kidogo, ndiyo maana karatasi haiwezi kurudiwa milele.

Karatasi kumi za daftari huchanwa vipande vidogo kama stempu na kulowekwa usiku kucha. Kesho yake hupondwa kwenye kinu au kusagwa kwenye blenda kwa maji mengi mpaka ziwe rojo, kisha rojo humiminwa kwenye beseni lenye maji. Fremu ndogo ya mbao iliyopigiliwa wavu wa dirishani huzamishwa, huinuliwa ikiwa imelala sawa, na maji huachwa yachuruzike. Juu ya wavu hubaki tabaka jembamba. Hugeuziwa juu ya kitambaa, hukandamizwa kwa sponji, wavu huondolewa taratibu. Jua la Januari hukausha karatasi hiyo kwa siku moja. Julai, Arusha ikiwa na baridi na mawingu, siku mbili au tatu si ajabu. Rojo lililobaki lisimwagwe kwenye sinki, huziba bomba. Lichujwe na kupelekwa shambani au kwenye shimo la mboji.

Trei ya mayai ni rahisi zaidi, kwa sababu yenyewe imetengenezwa kwa rojo la karatasi zilizotumika. Ikilowekwa inarudi rojo kwa urahisi. Ikikamuliwa na kuchanganywa na gundi ya uji wa unga wa ngano uliopoa, inafinyangika kama udongo. Juu ya kipande cha boksi familia inaweza kufinyanga Meru yenyewe. Upande mmoja unapandishwa hadi kuchongoka. Upande wa pili unachimbwa kwa kijiko mpaka ubaki bakuli lililovunjika, na donge dogo la kilima cha majivu linawekwa katikati. Ukikauka unapakwa rangi: mkaa kwa mawe, manjano ya kupikia kwa nyasi, maji ya mchicha kwa msitu.

Mlima huo ukishawekwa katikati ya meza, mzazi hana haja ya kueleza sana. Mama akikaa upande wa jiko anaona pembetatu. Mtoto akikaa upande wa mlango anaona bakuli. Kila mmoja anachora anachokiona, kisha wanabadilishana viti.

Michoro ikishakauka

Baada ya siku kama hiyo kuna kishawishi cha kuchagua mchoro bora na kuupongeza. Kwenye nyumba yenye watoto wawili au watatu, mshindi mmoja huzalisha waliokata tamaa wawili. Ni afadhali yote ibandikwe ukutani kwa usawa wa macho ya mtoto, pamoja na wa baba uliopinda, kila mmoja ukiwa na jina na tarehe.

Jumamosi hii haiwezi kurudiwa kila wiki, na haina lazima hiyo. Safari ya Momella inaweza kuwa ya mara moja kwa mwaka. Kinachobaki kila wiki ni boksi moja kwenye kona ya sebule, ambalo ndani yake huingia kila karatasi yenye upande mtupu, na nusu saa ambayo simu ya mzazi imelala kifudifudi mezani.

Na siku mtoto atakapoleta mlima wenye rangi ya zambarau, au ulioinamia upande mmoja, mzazi atakuwa na swali la kuuliza kabla ya kusema hauko hivyo: “Ulikuwa umesimama wapi ulipouona?”